Namba Ishirini na Saba

Sikumrusha mtoto. Naanza na hilo kwa sababu hapa mtaani kwetu Gitega wameshalisimulia hivyo, na kila anayelisimulia anamrusha mbali zaidi. Nilimfungua mgongoni taratibu, nikamkalisha juu ya rejista iliyokuwa wazi kwenye kaunta ya kituo cha kusomea, nikamwambia mkuu wa kituo, "Mshike asianguke," halafu nikazunguka kaunta nikaingia mwenyewe depo, stoo yao ya nyuma. Landry alikuwa na miezi kumi. Alikaa pale juu ya orodha ya vitabu akitafuna kalamu nyekundu ya ofisi, na yule bwana alimshika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa. Fujo yenyewe ni hiyo. Sikupiga kelele. Wanaosema nilipiga kelele hawakuwepo.

Kilichonipeleka nyuma ya kaunta ni maneno aliyoyasema kwa upole kabisa, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, kama anamweleza mgeni njia ya sokoni. Nilikuwa nimekuja kuomba kaye moja, daftari la shule la kawaida, lililowekwa pale na rafiki yangu Mwajuma pamoja na katoni ya vitabu vya katuni vya zamani. Vitabu vilikuwa thelathini na tisa, namba moja hadi arobaini, na kaye ndiyo iliyokaa mahali pa namba ishirini na saba. Akatafuta kwenye rejista, akapata mstari, akaniambia: "Mama, ile vingt-sept haikukuwa kitabu. Ilikuwa kaye ya kuandika na mkono, donc tuliitoa." Nikamuuliza, na vitabu vingine? "Bon, vile vingt-sept haiko, série iko incomplète. Règlement inasema, ikiwa incomplète inatoka yote." Nikamwomba arudie hiyo kanuni yao. Akarudia, kwa mpangilio uleule, bila kusikia alichokuwa anasema. Wameitoa namba ishirini na saba, kisha wameviadhibu vitabu vyote kwa sababu namba ishirini na saba haipo. Kwenye ule mstari kulikuwa na wino wa aina mbili. Wa bluu, wa mkuu aliyemtangulia, uliandika 1 hadi 40, kamili. Mwekundu, wake yeye, ukakata lile neno na kuandika si kamili, imeondolewa. Ndipo nikamfungua mtoto mgongoni.

Depo nilikuta mifuko ya saruji imejaa karatasi. Katika mfuko wa tatu nikavipata: moja mpaka ishirini na sita, ishirini na nane mpaka arobaini, majalada yao ya rangi yamekunjamana. Kaye haikuwemo. Mama mmoja anayefagia pale aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kaye zilizobaki na kurasa nyeupe, hata zilizoandikwa nusu, zilipelekwa Mutaho, kwenye shule, watoto wafanyie hesabu. Mlinzi alinitoa kwa adabu. Nikamchukua mwanangu, nikarudi nyumbani, nikapika maharage. Sikulia. Tangu wiki tatu kabla ya hapo, tangu Mwajuma alipokufa kwa homa ya siku nne, nilikuwa naishi kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unaukanyagia, unakubeba, lakini si wako.

Kaye nilikuwa nimemwahidi binti yake. Zainabu ana miaka minane, na baada ya maziko bibi yake alimchukua wakaenda kukaa Muyinga. Mtoto anaandika kwa mkono wa kushoto. Shuleni wanamhamishia kalamu mkono wa kulia, nyumbani wanamhamishia kijiko, na bibi yake humwambia asijali, mama yake alikuwa vilevile. Zainabu hakuamini. Mama aliyemjua yeye alikuwa anafua, anapika, anahesabu chenji. Mkasi alimwona akiushika kwa kushoto, lakini hakuwahi kumwona ameshika kalamu. Siku wanaondoka alinivuta kitenge akaniuliza kama kweli mama aliandika na kushoto na kama mistari ilikuwa inanyooka. Nikamwambia iko kaye nzima, nitakuletea siku ya arobaini ya mama, utaona mwenyewe. Niliahidi upesi, kama unavyomwahidi mtoto ili gari liondoke.

Sasa niseme ile kaye ilitoka wapi. Mambo ya wazazi wangu na namna tulivyorudi kutoka Tanzania nayaacha, wako wengi wanaoyasimulia vizuri kuliko mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita na Kiswahili cha shule za huko, na Kifaransa sikuwa na hata neno moja. Shule ya karibu na shamba la kwetu, Makebuko, walitaka kunirudisha nikae na watoto wa miaka kumi. Muyinga ikapatikana shule moja iliyokubali kunipokea mwaka mmoja wa kujaribu. Mwisho wa mwaka nikiweza kuandika ukurasa wa Kifaransa, naendelea. Nisipoweza, jembe. Nikapangishiwa nafasi ya kulala kwa Mama Mwaju, mama yake Mwajuma, ndiye huyo bibi yake Zainabu, kwenye mtaa wa Waswahili, katika chumba nyuma ya karakana yake ya kushona. Kitanda kilikuwa kimoja. Mwajuma alilala upande wa ukuta kwa sababu mkono wake wa kushoto ulitaka nafasi hata usingizini.

Karakana ndiyo ninayoikumbuka kuliko shule. Vyerehani vitatu vya kukanyaga, kimoja kikilalamika kila kikianza. Pasi ya mkaa mlangoni, ili moshi utoke. Dirisha lilitazama barabara ya malori yanayokwenda mpakani, na kila lori likipita Mama Mwaju alitupa shuka juu ya kanzu nyeupe ili vumbi lisizikute, bila kuacha alichokuwa anasema. Mama Shabani alishona sare za shule, mdomo umejaa pini, na aliweza kusengenya na pini zote mdomoni. Bi Hawa alikuwa mkataji. Alikuwa mzee tayari wakati ule, mfupi sana, na ili aifikie meza alisimama juu ya katoni iliyofungwa kamba. Mchana baada ya swala tulikula kwenye sinia moja ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, ndagala, dagaa wa huko, ikiwepo, na Ijumaa wali. Mimi niliyekuwa nakwenda kanisani Jumapili nilikuwa na upande wangu wa sinia kama kila mtu. Walichonitania ni Kiswahili. Wao kila kitu "iko". Mimi nilisema vitabu viko, viti viko, na Mama Shabani akaniuliza siku moja, "We ukisema viko, vitabu inakuja mbio kuliko mi nikisema iko?" Walicheka mpaka Mama Mwaju akaharibu pindo.

Katoni ya Bi Hawa ilipasuka mvua za kwanza. Ndani hamkuwa na vitambaa. Mlikuwa na vitabu vidogo vya katuni, vya Kifaransa, vya zamani kuliko sisi, vilivyoachwa na mjomba wa Mwajuma aliyekuwa akiuza vitabu chakavu. Majalada yalikuwa ya rangi kali, kurasa za ndani nyeusi na nyeupe, karatasi ya njano inayonuka kama gunia. Vilimhusu mtu mmoja anayeitwa Vermeil, ambaye mchana anatengeneza saa kwenye duka dogo, na hatari ikija anavaa joho jekundu na kofia ya kuficha uso, anaruka juu ya mapaa na kuinua magari. Akina mama walimwita Verimeyi. Kila kitabu kilikatika pabaya, ameshikwa, anaanguka, ukuta unamwangukia, na chini kabisa maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya itaendelea: à suivre. Ndiyo maneno ya kwanza ya Kifaransa niliyoyajua bila kufundishwa na mtu.

Tulianza kuvisoma kwa ajili yangu, ili nijifunze. Mwajuma alisoma Kifaransa, akageuza Kiswahili cha Muyinga, mimi nikakinyoosha. Lakini chumba kilikuwa kimoja, na masikio yalikuwepo. Siku ya tatu Mama Shabani alitema pini akauliza yule wa kwenye mnara ametoka au bado. Tangu hapo, kila tukitoka shule, tulikaa kwenye benchi chini ya dirisha tukasoma kwa sauti, kitabu kimoja kwa alasiri mbili, na vyerehani vilipunguza mwendo kwenye hatari na kukimbia kwenye mapenzi, kwa sababu mapenzi ya Vermeil hayakumpendeza mtu pale.

Nimewahi kuwasikia watu waliosoma wakisema vitabu vile ni vya kitoto, mtu mmoja anapigana na kushinda kila mwezi. Hawajui jinsi ya kuvisoma. Kitabu kimoja peke yake ni cha kitoto, kweli. Lakini ukivipanga arobaini, utaona kuna watu wanaohangaika kuifanya hadithi ikumbuke. Ukurasa wa kwanza kila mara wanakuambia yaliyopita. Mtu akitaja jambo la zamani, kinawekwa kinyota, na chini ya picha wameandika kwa herufi ndogo: tazama namba 6. Karakana ililichukua hilo mara moja. Mama Mwaju akimkumbusha Mama Shabani deni la sukari la mwaka juzi, Bi Hawa alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye mkasi, "Tazama namba sita," na ugomvi uliisha hapohapo, maana ulikuwa umeshagombwa na kumalizika tangu zamani. Mpaka leo mume wangu akianza mambo ya zamani mimi humpa namba. Hajui naitoa wapi.

Akina mama hawakusamehe kosa. Mtu akiumia mkono wa kulia namba kumi, namba kumi na moja walitaka kuona bandeji kulia. Mama Shabani alihesabu Noeli nne, kwa sababu kila mwaka walichora theluji na mti, na Vermeil bado alisema ana miaka ishirini na mitano. Ukakaa mjadala wa siku mbili. Bi Hawa ndiye aliyeufunga: huyo mtu haishi kati ya kitabu na kitabu, alisema, anazeeka tu tunapomsoma. Na juu ya maadui waliokufa wakarudi, ambao walikuwa wengi, yeye alikuwa na sheria moja. Jengo likimwangukia mtu, bahari ikimmeza, moto ukimchoma, akina mama walimgeukia yeye. Akauliza, "Sanda tuliiona?" Mwajuma anaangalia picha, anajibu hapana. "Basi hajafa." Hakuwahi kukosea. Alikuwa anawajua watunzi wale kuliko walivyojijua.

Namba ishirini na saba haikuwemo. Tulipekua katoni, tukapekua chini ya meza, hakuna. Ishirini na sita inaisha Vermeil akidondoka kutoka darajani kwenda mtoni, joho limemfunika uso, à suivre. Ishirini na nane inaanza yuko mjini, mzima, na hasemi kilichotokea. Kibaya zaidi, kuanzia hapo kila kinyota kilituelekeza kulekule. Kwa nini anaogopa maji? Tazama namba 27. Kwa nini hamtambui mama yake mlangoni? Tazama namba 27. Kitabu ambacho hatuna ndicho kilichokuwa na kila kitu. Mimi nilitaka tuendelee tu, mtihani wangu ulikuwa unakaribia. Bi Hawa akasimamisha mkasi. Akamwambia Mwajuma amletee ishirini na sita na ishirini na nane, akaziweka mezani sambamba, akavaa miwani, akapima zile picha kwa futi yake ya kushonea. Mimi niliona Vermeil na Vermeil. Yeye aliona nguo mbili. Kwenye ya kwanza joho linafungwa bega la kulia kwa vifungo viwili. Kwenye ya pili linafungwa bega la kushoto kwa kifungo kimoja, na pindo limepanda juu ya goti.

"Huyu hii nguo ameshonewa na mwingine," alisema. "Na amekata na mkono wa kushoto."

Mwajuma alikuwa amegundua kitu kingine. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, jina la mchoraji limebadilika. Akawaeleza: aliyechora kwanza ameacha kazi, ameingia mwingine, basi akakosea joho. Nilidhani itatosha. Mama Mwaju akasema wao hawaongei habari za mchoraji, wanaongea habari za nguo, na nguo haibadiliki bega peke yake. Mama Shabani akaongeza kwamba mtu akianguka mtoni na nguo moja akatokea na nyingine, kuna mwanamke hapo katikati. Nakumbuka Mwajuma alivyowatazama, mmoja baada ya mwingine, halafu akautazama mkono wake mwenyewe wa kushoto, ulioshika kitabu. Kwenye ile karakana alikuwa haruhusiwi kukata. Mikasi yote ilikuwa ya kulia, na mama yake alisema atawaharibia kitambaa.

Tukaiandika sisi. Wiki tatu, kwenye kaye ya mistari, yeye anaandika, mimi namtajia maneno, akina mama wanakataa. Kiganja chake kilipita juu ya wino kabla haujakauka, kwa hiyo kila mstari ulikuwa na kivuli cha bluu, na herufi zake zililala kinyumenyume kama majani yaliyopigwa na upepo. Lakini mistari ilinyooka. Hilo ningetaka Zainabu alione. Katika namba ishirini na saba yetu, Vermeil anatupwa ukingoni na mto, na fundi wa kike anayefua vitambaa pale anamkuta. Hajui jina lake, na yeye mwenyewe amelisahau. Fundi anamvua lile joho lililochanika, analisoma: hapa pameshonwa na mtu mwenye haraka, hapa na mtu aliyekupenda, hapa umejishonea mwenyewe na hujui. Kwa mishono anamrudishia maisha yake yote, isipokuwa mama yake, kwa sababu mshono wa mama ndio uliochukuliwa na mto. Halafu anamkatia joho jipya kwa mkono wake wa kushoto, kwa kitambaa alichonacho, ambacho ni kifupi. Vinyota vyote vya mbele vilijibiwa. Maji, mama, bega, pindo. Tulipomaliza, Mwajuma alisoma kuanzia ishirini na sita mpaka ishirini na nane bila kusimama, na hakuna kitu kilichogongana. Bi Hawa akasema ndiyo, inakaa mwilini. Kisha akampa Mwajuma mkasi na kipande cha kitenge akamwambia akate tumwone.

Kaye ilikuwa kubwa kuliko vitabu, kwa hiyo Mwajuma aliipunguza, akairudishia mgongo kwa uzi mweusi wa nguvu ili isimame kati ya wenzake. Alikuwa anamalizia mshono wa mwisho Mama Shabani alipouliza jambo ambalo alisema limemkera tangu namba moja. Huyu Verimeyi, kwenye jalada, chupi ameivaa juu ya suruali. "Sasa ule fundi vile alimvua, alikuta ndani iko nini?" Mama Mwaju alimwambia aombe msamaha kwa Mungu. Mwajuma alicheka mpaka sindano ikarudi kwenye tundu lilelile mara mbili, na hakuufumua mshono ule.

Mwisho wa mwaka walitupa karatasi ya Kifaransa, tusimulie jambo. Wenzangu waliandika harusi na safari. Mimi niliandika ukurasa wa yaliyopita, kama wanavyouweka mwanzoni mwa kitabu, kila jambo na namba yake. Mwalimu aliniita akaniuliza Kifaransa kile nimekiokota wapi, maana ni cha kizamani, hakuna mtu anayeongea hivyo tena. Nikapita. Nikaletwa Gitega kuendelea, na nikaendelea mpaka nikamaliza sekondari, jambo ambalo kwetu hakuna msichana aliyewahi kulifanya. Mwajuma aliniletea hadi stendi boga la kula njiani na akaniambia à suivre, kwa dharau, kama anavyosema mtu asiyependa kuaga. Miaka sita baadaye aliolewa hapa hapa Gitega, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akaja na ile katoni. Alikuwa anashonea nyumbani, anakata mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa inavuja, na alipoona karatasi zimeanza kuota ukungu akavipeleka vitabu vyote kituo cha kusomea, penye bati jipya, ambako alisema vitatuzidi umri. Nilimsindikiza. Mkuu wa wakati ule alivihesabu mbele yetu. Alipofika ishirini na saba aliifungua, akasoma akiwa amesimama, akaendelea kusoma mpaka Mwajuma akaona aibu. Kisha akachukua kalamu ya bluu akaandika lile neno: kamili.

Arobaini ya Mwajuma nilikwenda Muyinga mikono mitupu. Karakana ilikuwa imeondolewa vyerehani, mikeka imetandikwa, dua inasomwa chumba cha mbele, na sisi tulikuwa nyuma na masufuria. Mama Shabani hana meno ya kushikia pini tena. Bi Hawa aliletwa ameshikwa mikono, akakalishwa kwenye benchi letu la chini ya dirisha, lililokuwa limehamishiwa huko nyuma, akaniuliza nani huyu. Nikamwambia mimi Yustina, yule wa viko. Alinishika kiganja, vyungu vinachemka, mimi nachambua mchele kwa mkono mmoja. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kazi, ileile ya mezani.

"Sanda uliiona?"

Nikamwambia niliiona. Nilikuwa mlangoni walipokuwa wanaikata. Akatikisa kichwa mara moja, akaniachia kiganja. Nilisubiri kitu kinijie kifuani, hakikuja. Niliendelea na mchele.

Zainabu hakuniuliza mara moja. Alisubiri nimlaze Landry. Nikamwambia kaye haikupatikana, kuna mtu ameitoa mahali pake, na sikumdanganya kuhusu neno lolote. Hakulia yeye pia. Akina mama waliosikia wakaanza kumsimulia namba ishirini na saba kwa vichwa vyao, kila mmoja kivyake, Mama Shabani anaanza, bibi yake anakatiza, mto, joho, fundi, mishono. Mtoto alisikiliza huku anachora kwa ncha ya kijiko kwenye unga uliomwagika, kwa mkono wa kushoto, maana siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumhamisha. Mama Shabani alipofika kwenye joho jipya akalifunga vifungo viwili. Zainabu akainua kichwa. Akapinga, "Mais bibi amesema kifungo iko kimoja." Bi Hawa, ambaye tulidhani amelala, alisema kimoja, bega la kushoto, mwacheni mtoto asimamie hadithi. Hapo ndipo ganzi iliponiachia kidogo, na kilichokuwa chini yake hakikuwa kilio. Kilikuwa hasira, safi kabisa, na ilikuwa na anwani.

Nikarudi Gitega. Mkuu wa kituo alikuwa ameniambia siku ile kwamba bila malalamiko ya maandishi hawezi kuuliza mahali popote, na akitafuta kaye atahitaji alama za kuitambua, kwa kuwa kaye ni nyingi. Alidhani hapo nitachoka. Niliandika barua kwa siku moja, mtoto akiwa anatambaa miguuni, kwa Kifaransa kile cha mwaka ule. Nikaipeleka kwa mkono komini, ofisi ya utawala wa eneo letu, wakanigongea muhuri wa kupokea. Hapa naiweka kwa Kiswahili, sijapunguza.

*Kwa Bwana Msimamizi wa Komini.*

*Kuhusu: kuondolewa kwa vitabu vya Vermeil, namba 1 hadi 40, katika kituo cha kusomea, na kupotea kwa namba 27.*

*Bwana Msimamizi,*

*Kwa heshima nalalamika juu ya mambo mawili yaliyofanywa na mkuu wa kituo, la pili likitokana na la kwanza. Aliiondoa namba 27 kwa sababu imeandikwa kwa mkono. Kisha aliziondoa namba nyingine zote kwa sababu namba 27 haipo. Kituo hakiwezi kufanya pengo na kulitumia kama sababu. Siku vitabu vilipopokelewa mkuu aliyetangulia alivihesabu, akaisoma namba 27, akaandika kwamba ni kamili. Wino wake bado unasomeka chini ya ule mwekundu.*

*Naomba vitabu vitolewe kwenye mfuko wa saruji na virudishwe rafuni. Naomba neno lililokatwa liandikwe upya. Naomba kituo kiiulize kwa barua shule ya Mutaho iliyopelekewa kaye za kurasa nyeupe, kabla watoto hawajazimaliza. Sidai fidia. Anayeidai namba 27 ni Zainabu, miaka minane, wa Muyinga, ambaye hana maandishi mengine ya mama yake. Mimi nakiri kosa la kumsalimia mkuu wa kituo kwa kumpa mtoto. Mtoto hakudhurika, na kalamu nitailipa.*

*Alama za kuitambua, kama nilivyoagizwa: kaye ya mistari, imepunguzwa kwa mkasi pande tatu. Maandishi ya bluu ya mkono wa kushoto, yamelala kinyumenyume, wino umeburuzwa na kiganja, mistari imenyooka. Mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono kumi na moja. Mshono wa kumi na moja umepita mara mbili katika tundu moja, kwa sababu aliyekuwa anashona alikuwa anacheka.*